Mteja Amesema Iko Sawa

Niseme mwanzo kabisa kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyetaka mama awekewe intaneti. Yeye hakuiomba. Alikuwa na simu yake ya mezani, nyeupe, ya vitufe vikubwa kama biskuti, na ilikuwa ikimtosha. Ni mimi niliyemwona mwenzangu kazini akimwonyesha bibi mmoja wajukuu zake walioko Kanada kwenye kioo cha tableti, nikaona wivu, nikaipigia kampuni ya simu siku hiyohiyo. Nilitaka mama awaone dada zake wa Mombasa huku amekaa kitako sebuleni kwake. Nikaambiwa ni kazi ndogo tu: laini itabadilishwa, simu na intaneti zitakuja pamoja, na mama hatahisi chochote. Siku waliyoibadilisha simu ilikatika, na haikurudi kwa wiki sita.

Hii ilikuwa miaka miwili hivi kabla ya korona. Mama alikuwa anaishi peke yake Bordesley Green, hapa Birmingham, kwenye flati ya halmashauri, ghorofa ya chini, karibu na ile hospitali kubwa. Mimi nilikuwa Lozells, dakika ishirini kwa gari barabara ikiwa na huruma, kwenye nyumba yenye ngazi zilizosimama wima hata mimi mwenyewe nazishuka kwa kushika ukuta. Mama alikaa nami humo miaka tisa. Alikuja kunisaidia kulea, akalea, wanangu wakakua, kisha nyonga yake ikachakaa. Alipotoka kufanyiwa operesheni alilala wiki nzima chumbani kwangu huko juu, hawezi kushuka, na siku ya nane akatamka: "Nataka mlango wangu mwenyewe." Nilidhani ni dawa zinasema. Kumbe alikuwa ameshaenda ofisi za nyumba na rafiki yake wa msikitini kabla hata ya operesheni. Alipopewa funguo za flati ile alizifunga kwenye pindo la leso, na kwa siku tatu hazikutoka hapo. Sijawahi kumwona na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Nilimkubalia kwa sharti moja. Sharti lenyewe lilikuwa kidude cha kuvaa shingoni, kitufe chekundu kwenye uzi, ambacho hapa Uingereza hupewa wazee wanaoishi peke yao. Mtu akianguka anakibonyeza, kisanduku kilichochomekwa kwenye waya wa simu ya mezani kinapiga kituo cha dharura, na mtu wa kituoni anasema naye kwa spika ya kisanduku hichohicho. Akihitaji msaada, anatumiwa. Mimi nafanya kazi ya kea. Siku nzima naingia na kutoka majumbani mwa wazee wa Kiingereza, nawaosha, nawapa dawa, nawachemshia chai yao nyepesi, na karibu kila nyumba nakikuta kitufe hicho. Nimekiona kikiokoa watu. Nimemwona pia mzee mmoja aliyekitundika bafuni kwa sababu eti kinamwasha shingo, na asubuhi tuliyomkuta sakafuni alikuwa hai, ila akili haikumrudia tena sawasawa. Kwa hiyo najua ninachokisema. Bila laini ya simu, mama alikuwa amevaa mkufu tu.

Kile kisanduku kwa kweli kilijitahidi. Laini ilipokatika kilianza kulia, ti, ti, ti, kila baada ya dakika chache. Mama alikivumilia siku moja. Siku ya pili nilimkuta amekifunika kwa mto na juu ya mto ameweka leso iliyokunjwa mara nne. Nilipowapigia wenye kisanduku walinijibu kwa upole kwamba kisanduku ni kizima, laini ndiyo mbovu, na mambo ya laini ni ya kampuni ya simu.

Basi nikaingia kwenye mikono ya kampuni ya simu.

Aliyewahi kuwapigia watu hawa hahitaji kuelezwa, na asiyewahi hataamini. Kwanza mashine inakuuliza unataka nini. Nikasema. Mashine ikasema samahani, haikunielewa. Nikarudia polepole, kwa Kiingereza kile ninachotumia kwa wazee wasiosikia. Samahani, haikunielewa. Mara ya tatu nikaiigiza lafudhi ya Birmingham, nikiwa peke yangu ndani ya gari, na hapo ikanielewa, ikaniambia matatizo mengi yanaweza kutatuliwa haraka zaidi kwenye tovuti yao. Halafu muziki wa kungojea, wa kinanda. Kinanda kilekile, sehemu ileile, na kila baada ya muda sauti ya mwanamke mchangamfu ikiniambia kwamba simu yangu ni muhimu kwao. Nilikuwa nakula mchana wangu na kinanda hicho. Nilikuwa naendesha gari nacho. Binti yangu mkubwa aliwahi kuniambia nakiimba puani jikoni, "Mum, you're humming it again," nikakana.

Ukishampata mtu, anataka kusema na mama. Akaunti ilikuwa kwa jina lake, na sheria yao ni kwamba mwenye akaunti atoe ruhusa mwenyewe. Siku ya kwanza nilienda hadi Bordesley Green, nikaweka mobile kwenye spika mezani, na kijana aliyepokea akamuuliza mama kama anaridhia niseme kwa niaba yake.

"Fine, thank you," mama akajibu.

Kijana akaridhika. Nikamweleza hitilafu, akaniandikia namba ya kumbukumbu, akasema siku tano. Akachukua namba ya simu ya kumpasha mteja habari, na kwa sababu mteja ni mama, akachukua ya ile mobile ndogo niliyomnunulia mama, ambayo huishi chumbani kwake juu ya kabati, kwenye chaja, kama mgonjwa wa dripu.

Siku tano zikapita, na mbili juu yake. Nikapiga. Mashine, lafudhi, kinanda. Mwanamke aliyepokea akatafuta namba yangu ya kumbukumbu, akasema kwa sauti ya kunipa habari njema kwamba hitilafu hiyo imeshafungwa.

"Imefungwa na nani?"

"Hapa pameandikwa mteja amesema iko sawa."

"Mteja yupi?"

"Mwenye akaunti, bab. Tulimpigia juzi."

Nilimfokea mwanamke yule, pamoja na hiyo "bab" yake, "mpenzi" ya watu wa Birmingham. Nilimwambia mnasema uongo, mnafunga kazi za watu ili mpate kwenda nyumbani mapema, na mama yangu ni mzee na simu yake imekufa. Alinisikiliza hadi mwisho, akanifungulia hitilafu mpya, siku tano nyingine. Jioni nikapita kwa mama nikiwa bado nafoka.

"Mama, kuna mtu wa kampuni alikupigia?"

"Wa kampuni? La." Akafikiri. "Alipiga kijana mmoja kwenye mobile. Mtaratibu sana. Aliniuliza hali."

"Ukamwambiaje?"

"N'kamwambia fine, thank you."

"Mama! Alikuwa anakuuliza habari ya simu!"

"Hakufika huko. Namngojea amalize kunijulia hali nimweleze, akakata. Wana haraka hawa."

Nilikaa nikamwangalia. Hasira niliyokuwa nayo kwa kampuni ilitafuta pa kwenda, ikamwendea yeye, na huku nikijua kabisa kwamba hana kosa. Nimelelewa na mwanamke huyu. Kwetu huanzi na shida. Mtu akikuuliza hali, unajibu njema, salama, alhamdulillahi, hata kama paa limeanguka asubuhi hiyo. Nawe unamuuliza yake, na watoto wake, na wazazi wake kama wako hai, na baada ya yote hayo ndipo inapokuja "ila". Salama, ila mume wangu yuko hospitali, ni wiki ya pili. Njema, ila juzi tumezika. Habari yote iko nyuma ya ila. Anayekujua anaingoja, hata ukichelewa. Na mama alikuwa anawapa watu wa kampuni heshima hiyohiyo, akiwangoja nao wamngoje, na wao walikuwa na kisanduku kwenye kompyuta yao chenye alama ya ndiyo na alama ya hapana.

Nikaamua kumfundisha. Mimi huyu ninayefundisha wageni kazini namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza, nikaketi na mama yangu mzazi kumfundisha maneno mawili. Phone broken. Ukipokea tu, kabla ya salamu: phone broken.

"Kabla ya salamu?"

"Kabla ya salamu."

"Kama mwehu."

"Kama mwehu, mama. Hivyo ndivyo wanavyotaka."

Akacheka, akarudia mara tatu, akasema vizuri kabisa. Wiki iliyofuata walimpigia. Nilikuwepo, natoa vyombo kwenye meza, nikamwona akiinua mobile kwa mikono miwili, akivuta pumzi kama mtoto wa madrasa anayetaka kusikilizwa sura yake. Nikasikia sauti ya msichana ikimuuliza how are you today. Na nikamwona mama yangu akishindwa. Ilimjaa usoni haya, haya hasa, ya kumrushia msichana wa watu shida yake mlangoni.

"Fine, thank you," akasema. "How are you?"

Nilipoinyakua ile mobile ilikuwa imeshakatwa.

Kisha wakaleta fundi, nami nilikuwa kazini. Walisema atakuja kati ya saa mbili na saa saba mchana. Nilingoja pale hadi saa sita, nikaondoka kwenda kumpa dawa mteja wangu, na yeye akaja saa sita na nusu. Mama akamkaribisha. Akamtandikia kitambaa kwenye stuli, akampa chai ya maziwa na mahamri manne, na fundi akala yote manne. Alikuwa amekuja kwa ajili ya intaneti, akaiwasha, taa zikawa kijani. Kabla ya kutoka akauliza kama simu nayo inafanya kazi. Sasa huyu si mtu wa kwenye simu tena. Huyu amekula kwako. Huwezi kumwambia mgeni aliyeshukuru na kuvaa viatu kwamba kazi yake haijakamilika.

"Everything fine," mama alimwambia, na fundi akaandika.

Tulipokuwa tunakaribia mwisho wa wiki ya tano hitilafu ilikuwa imefunguliwa mara nne na kufungwa mara tatu. Nilikuwa silali vizuri, na kazini nilikuwa mkali kwa watu wasio na hatia. Nikiwa kwa mteja yeyote naona kitufe chekundu kifuani mwake, cha kwake kizima, na mikono yangu inapotea njia, nasahau kama nimeshampa kidonge au bado. Asubuhi nampigia mama kwenye mobile hapokei, naacha kila kitu, naendesha hadi Bordesley Green, namkuta anamwagilia maua. "Niliisikia," anasema, "ila nilikuwa n'shatawadha." Siku moja ya namna hiyo nikasimama mlangoni kwake na ufunguo wa gari mkononi, nikasema jambo ambalo mpaka leo nalisikia.

"Kama laini hii haijarudi Ijumaa, nakufungasha unarudi Lozells. Sitaki mjadala. Huu utoto wa kukaa peke yako umekwisha."

Utoto. Nilimwambia mama yangu utoto.

Aliweka chini kopo la maji, akaingia ndani, nikasikia akifungua na kufunga makabati ya jikoni bila sababu, kabati kwa kabati. Nilijua nimemkata, na nilikuwa nimechelewa zamu, nikaondoka.

Jumanne yake mchana nikapata nafasi ya saa moja na nusu kati ya mteja na mteja. Nikaegesha gari Washwood Heath, pembeni ya ule uwanja mkubwa mtupu wa kiwanda cha magari kilichobomolewa, ambapo walikuwa wanasema treni za kasi zitalala, nikaapa kwamba leo sikati. Nilikaa na kinanda dakika hamsini na mbili. Mvua ilinyesha ikaacha. Nilikula ndizi. Nilipopata mtu nilikataa namba ya kumbukumbu mpya, nikakataa siku tano, nikamtaka mkubwa wake, na nilipopewa mkubwa wake nikamweleza kila kitu tangu mwanzo: nyonga, kitufe, kisanduku chini ya mto, yule mzee wa bafuni. Nikamwambia, mkimpigia mama atawaambia yuko salama, na msimwamini. Msimwamini kabisa. Nipigieni mimi. Mkubwa akasema bibi yake naye yuko hivyohivyo. Akanipa fundi wa Ijumaa, na safari hii wa simu, na jina la kulalamikia kama hakuja.

Nililia ndani ya gari kwa furaha. Watu wanalia kwa mambo makubwa zaidi, najua.

Alasiri nikapita kwa mama kumpa habari. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo, jambo ambalo si lake, na hakuinuka kunipokea. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake na blanketi miguuni, chupa ya chai karibu naye. Nilidhani bado amenuna kwa lile neno la utoto, na kwa kuwa nilijua ana haki, sikumgusa.

"Habari ya hapa, mama?"

"Salama, mwanangu. Salama kabisa."

Nikamhadithia vita vyangu vyote. Nilijisifu, nikiri. Nilimwigizia mkubwa wa kampuni na kinanda, akacheka pale pa kucheka. Akasema Mungu akuweke. Nikamuuliza mbona hainuki, akasema baridi. Nikambusu kichwani, nikaondoka.

Ijumaa nikachukua ruhusa kazini, nikafika kwake saa moja na nusu asubuhi, na fundi akaja saa tatu, mwanamume wa makamo asiye na maneno mengi. Hakutaka chai. Nilimpenda hapohapo. Akapima tundu la ukutani, akatikisa kichwa, akaniambia twende nje, na nikamfuata hadi kwenye kabati la nyaya la mtaani, pembeni ya duka la nyama. Akalifungua. Ndani mlikuwa na nyaya nyingi zilizosongamana, akaingiza vidole, akachomoa mmoja, akauchomeka pengine. Siku waliyobadilisha laini mtu aliuchomeka pasipo pake, akasema. Basi. Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi na moja, na baadhi yake alizitumia kutafuta bisibisi. Sikujua nicheke au nimpige. Nikamshukuru, akaenda zake.

Niliporudi nilimkuta jirani wa mama, mama mmoja wa Kikongo anayekaa ghorofa ya juu, anapanda ngazi na mfuko wa soko. Tulizoea kusalimiana tu.

"Bonjour, mama. Maman anaendelea aje sasa? Ile mguu yake?"

"Mguu gani?"

Akasimama. Nikaona anajuta.

"Haukujua? Alianguka mu cuisine, kule jikoni, mardi, Jumanne ile. Miye nilisikia mtu anagongagonga tuyau ya chauffage, ile bomba ya moto ya nyumba, pa, pa, pa, nikafikiri ni mafundi. Nikaenda marché, ku soko. Kurudi, njo nasikia tena, mu mlango wake. Alijivuta chini mpaka mu mlango, akafungua akiwa hapo chini tu. Saa moja hivi alikuwa chini, labda mbili. Nikamuinua. Nikasema niite ambulance, akakataa. Akasema atakuambia yeye mwenyewe." Akanishika mkono. "Pole, mama. Miye nilifikiri alikuambia."

 Nakumbuka nilihesabu. Jumanne, adhuhuri hadi karibu na alasiri. Mimi nikila ndizi.

Nilipoingia nilitaka anieleze mwenyewe. Nilijiambia sitamuuliza, nitamngoja, kama yeye alivyokuwa akiwangoja wale. Nikaondoa mto na leso juu ya kisanduku. Kilikuwa kimenyamaza, taa yake imetulia. Nikainua simu nyeupe, ikalia mlio wake mzuri. Mama alikuwa kwenye kiti chake, blanketi miguuni vilevile.

"Imerudi," nikasema.

"Alhamdulillahi."

"Bonyeza kitufe, tujaribu."

Akakitoa ndani ya dera, akakibonyeza kwa kidole gumba, kwa uzoefu ambao ulinichoma. Kisanduku kikaita. Spika ikakoroma, na sauti ya mwanamke ikajaa sebuleni, ya hapahapa Birmingham, ya upole kabisa.

"Hello, my love. Are you all right there?"

Mama akajiweka sawa leso kichwani. Akanyoosha mgongo.

"Fine, thank you," akasema.

"Pressed it by mistake, did you? Not to worry, bab. Ta-ra."

Ikakatika. Nilibaki nimesimama na mkono wangu juu ya kisanduku. Wiki sita nilikuwa nimepigania waya, na waya ulikuwa umerudi, na haukuwa na faida yoyote.

"Mama," nikasema, "Jumanne wangekuuliza hivi ungewajibu hivi?"

Akaelewa kwamba najua. Akatazama dirishani.

"Jumanne hakuna aliyeniuliza," akasema. "Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Kisanduku kikanyamaza tu. Nikasali adhuhuri palepale chini, kwa macho. Kisha nikakuita wewe. Jina lako, kwa sauti, kama ulipokuwa mdogo umepotelea sokoni."

"Nimekuja siku hiyohiyo! Nilikuwa hapa, kwenye kiti hiki! Nimekuuliza habari ukasema salama!"

Nilikuwa napiga kelele. Nilijisikia nikipiga kelele, sauti ileile niliyokuwa nikiwapigia wale wa kampuni, na sikuweza kuishusha.

"Unaona?" mama akasema taratibu. "Unaona unavyokuwa? Nilipoanguka niliogopa kufa. Nilipoinuliwa nikakuogopa wewe."

Nikakaa. Hapakuwa na kiti karibu, nikakaa chini kwenye zulia, mbele ya magoti yake. Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea na yote yalikuwa ya kweli: kazi, ngazi, yule mzee wa bafuni, woga wangu. Niliyaacha yote. Mwanamke huyu alikuwa amelala sakafuni saa mbili, na alipopata mtu wa kumwambia alipima kati ya maumivu yake na mimi, akaona afadhali maumivu.

"Hutoki hapa," nikasema. "Nyumba hii ni yako. Wallahi, mama, hata simu ikatike mwaka mzima, sikutoi."

 Alinichungulia usoni, kama anavyochungulia tunda la dukani kabla ya kulichukua, na mimi sikuharakisha, sikumuuliza lingine. Nje basi lilipita. Kwenye ghorofa ya juu jirani alikuwa anasogeza viti.

Kisha akaondoa blanketi, akapandisha dera polepole hadi juu ya goti, hadi juu zaidi. Kuanzia nyongani hadi karibu na goti nyama yote ilikuwa imevia damu, nyeusi katikati, njano pembeni, siku ya nne. Akanishika mkono, akauweka juu yake, kwa wepesi, kunionyesha.

"Panauma hapa," akasema. "Na hapa. Na hapa nikikanyaga."